Tulivyozunguka Mlima Meru na Profesa wa Galaksi

Tangu nirudi siwezi kwenda kununua mkate hapa Kaloleni bila kusimamishwa. Kila mtu amesikia kipande chake cha habari. Mmoja kaambiwa nimekuwa msaidizi wa mganga, mwingine kasikia nimeacha ualimu na sasa natengeneza simu. Fundi viatu wa pale kona alinitazama kwa huruma, akaniuliza kama nimeshaongea na familia yangu. Kwa hiyo naandika yote mara moja, kama yalivyokuwa, ili nipate kufika dukani kwa amani.

Mnanijua, mimi ni Shabani, mwalimu wa Kiswahili. Profesa Anaeli hamumjui. Ni Mmachame, aliondoka nchini akiwa msichana, na umri wake mwingi ameumalizia ughaibuni akichunguza jinsi galaksi zinavyotokea na kubadilika. Galaksi ni kundi kubwa mno la nyota, na jua letu hili ni nyota moja tu ndani ya kundi mojawapo. Watu wa fani yake wakitaka kuelewa kwa nini galaksi fulani iliacha kuzaa nyota mpya wakati jirani yake bado inazaa, wanaanzia kwenye kazi za mama huyu. Nchi nyingi zinamheshimu. Huku kwetu alikuwa hajulikani hata na shangazi yake, kama mtakavyoona.

Alikuja na darubini moja, zawadi kwa shule ya sekondari ya Oldonyo Sambu, kule upande wa kaskazini wa Meru ambako mvua ni chache na taa za mji hazifiki. Tatizo lilikuwa mahali pa kuiweka. Panapofaa ni kilima kilicho nyuma ya shule, na kilima hicho ndicho wanakijiji wanapochungia ndama. Walikubali kukutana naye mchana wa siku tuliyosafiri, wamsikilize, kisha waamue. Wakikataa, darubini ingepelekwa shule nyingine, nchi nyingine, ambayo nayo ilikuwa imeiomba. Kwa kuwa sayansi yake yote aliisomea kwa Kiingereza, aliomba mtu wa kumsaidia kuisema kwa Kiswahili. Mkuu wangu wa shule akanitaja. Sikukataa. Ni mara chache sana mwalimu wa Kiswahili kuitwa kwenye mambo ya anga.

Kutoka mjini kwenda Oldonyo Sambu unashika barabara ya Namanga, unafika kabla chai uliyokunywa haijatulia tumboni. Sisi tulitumia siku nzima.

Moshono: mtori wa shangazi

Dereva wetu alikuwa Bwana Pallangyo, Mmeru mnene mwenye sauti ya taratibu, ambaye maisha yake yote alibeba watalii. Kampuni yake ilipofungwa alijinunulia gari moja kuukuu, lile lenye paa la kufunguka. Asubuhi tulianzia Moshono, kwa kuwa darubini ilikuwa imefikia kwa shangazi yake Profesa, Mama Elia.

Tuliikuta imelazwa kwenye kitanda cha wageni, imefunikwa kitenge. Mama Elia alisema kitu hicho kimetoka mbali, kisingelala sakafuni. Tukadhani tutaipakia na kuondoka, lakini alikuwa na mtori jikoni, na ndizi ndiyo kwanza zilikuwa zinapondwa. Kwa Mchaga hutoki hivi hivi. Tukakaa.

Tulipokuwa tunasubiri, shangazi akamwuliza Profesa kile ambacho nadhani alikuwa ameking'ang'ania moyoni miaka mingi: hasa hasa anafanya kazi gani kule? Maana kanisani huwa anawaambia watu kwamba Profesa anafundisha hesabu, na hajui kama anadanganya.

Profesa akafurahi mno kuulizwa. Akachukua mwiko. Akaeleza kwamba hapo mwanzo hakukuwa na galaksi, palikuwa na gesi iliyotapakaa, na kani ya mvutano ikaanza kuikusanya huku na huku. Gesi ikiwa ya moto haikusanyiki vizuri, kama mtori ulioko jikoni, ni maji maji tu. Ikipoa inashuka katikati, inakuwa nzito, inafanya mabonge, na katika mabonge hayo ndimo nyota zinamozaliwa. Galaksi kubwa nazo zinameza ndogo zinazopita jirani, hivyo ndivyo zinavyonenepa. Na yeye, kazi iliyomletea jina, ni kuonyesha kwa kompyuta jinsi shimo jeusi lililo katikati ya galaksi kubwa linavyoweza kuwa kama moto usiozimwa: likila, linapasha gesi yote iliyo pembeni, gesi inashindwa kupoa, na galaksi inaacha kuzaa nyota ingawa chakula kimejaa kote.

Mimi kwa mara ya kwanza nikaelewa. Mama Elia alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho. Kisha akachungulia sufuria yake, akasema polepole kwamba mtori wake haujawahi kuwa na mabonge.

Profesa akaeleza upya kwamba hakumaanisha mtori huu. Shangazi akasema hajakasirika. Alisema hivyo mara kadhaa, na kila aliposema aliweka vyombo kwa kishindo zaidi. Ilibidi Profesa ale bakuli la pili, kisha la tatu, akisifia ulaini wake kwa kila kijiko, ndipo tukaruhusiwa kubeba darubini. Jua lilikuwa limeshapanda.

Usa River: neno langu moja

Tulipowasha gari, Bwana Pallangyo akatuambia amepigiwa simu. Lori limeanguka barabara ya Namanga, njia imefungwa, heri tupite Usa River na Ngarenanyuki, tuuzunguke mlima kwa nyuma. Alisema kwa huzuni ya mtu asiye na namna. Baadaye nilijua kwamba lori lilikuwa limeanguka kweli, ila juzi yake, na kwamba mkwe wake anaishi Ngarenanyuki na alikuwa na siku nyingi hajamsalimia.

Usa River tukapata pancha. Fundi alikuwa mzee kuliko sisi sote, mtu wa maneno machache, na akiwa ameinamia tairi aliniuliza yule mama ni nani, mbona anaangalia juu mchana wote huu. Hapo ndipo lilipotoka neno ambalo limenitesa hadi leo. Ningeweza kusema ni mwalimu. Ningeweza kusema ni mtafiti. Lakini kamusi ninayo kichwani, na kwa kamusi mtu anayesoma elimu ya nyota ni mnajimu. Nikatamka kwa sauti ya darasani kwamba yule ni mnajimu mashuhuri duniani, bingwa wa nyota na galaksi.

Fundi akaweka chuma chini. Akafuta mikono kwa tambara, akaenda kwa Profesa na kumwamkia shikamoo, mzee mzima yule. Profesa akashtuka, akarudisha shikamoo yake haraka, wakabaki wanaamkiana bila mtu wa kuitikia marahaba. Kisha fundi akashusha sauti, akamweleza kwamba nyota yake imefifia. Zamani iling'aa, siku hizi haioni.

Kiswahili cha Profesa ni kile alichoondoka nacho Machame utotoni, na humo mambo ya nyota za watu hayakuwemo. Alichosikia ni swali la kisayansi, na akalijibu kwa uangalifu wake wote.

"Mara nyingi nyota yenyewe haina tatizo, baba," alimwambia. "Ni vumbi limepita mbele yake."

Mzee alitikisa kichwa kwa kukubali, machozi yakimlenga. Alisema hata yeye alikuwa anahisi hivyo. Tangu jirani wa ng'ambo afungue sehemu ya kuuza mchanga, vumbi linaingia kibandani kwake asubuhi hadi jioni na wateja wamehama. Alituzibia tairi kwa heshima kubwa, akatuwekea mkungu wa ndizi mbivu kwenye gari, na tulipokuwa tunaondoka nilimwona anatoa simu. Profesa aliniambia watu wa Usa River wanapenda sayansi kuliko alivyotarajia. Nami, Mungu anisamehe, nilikubali.

Njia ya twiga

Kutoka pale barabara inapita kwenye hifadhi, na hapo tulipoteza muda kwa sababu ambayo hakuna aliyeweza kumlaumu mtu. Bwana Pallangyo alipomwona twiga wa kwanza, alisimamisha gari, akazima injini, akafungua paa, na kuanza kueleza kwa Kiingereza uzito wa moyo wa twiga. Hakujua kama anafanya hivyo. Mikono ilikuwa inafanya yenyewe. Nilimkumbusha kwamba mimi nimezaliwa Kaloleni. Akaomba radhi, akawasha gari, na kwa nyati wa mbele akafanya vilevile.

Profesa hakujali. Alisimama kichwa nje ya paa kama mtalii, anakula ndizi za fundi na kuuliza maswali. Kwenye maswali yake niligundua jambo: hakuwa na haraka kwa sababu alikuwa anaogopa. Aliniambia, akiwa bado anatazama nje, kwamba amesimama mbele ya maprofesa wa mabara yote na hakutetemeka, lakini kikao cha Oldonyo Sambu kinamkosesha usingizi. Kule wakimkatalia ni nadharia imekataliwa. Huku wakimkatalia ni nyumbani.

Ngarenanyuki: wenye nyota na wenye simu

Ngarenanyuki ni nchi ya vitunguu na nyanya, na nilitarajia kukuta vitunguu na nyanya. Tulikuta watu. Walikuwa wamejipanga nje ya nyumba ya mkwe wake Pallangyo kwa mistari miwili, wametulia kama wako zahanati.

Fundi wa Usa River ana shemeji pale. Alichomwambia kwa simu ni maneno yangu yaleyale, kwamba anakuja bingwa wa nyota na galaksi. Mstari wa kwanza ulikuwa wa wenye nyota: msichana ambaye mchumba wake hapokei simu, kijana anayefeli mtihani wa leseni ya udereva, bibi mmoja aliyetaka kujua tu kama yote ni salama. Mstari wa pili ulikuwa wa wenye galaksi, yaani wenye zile simu za jina hilo. Kila mmoja alishika yake. Nyingine zilikuwa na vioo vilivyopasuka, nyingine zilikuwa zimekufa kabisa, na mtu mmoja alileta chaja peke yake.

Profesa aliwasikiliza watu wawili watatu wa mstari wa kwanza kabla hajaelewa. Nilimwona anaelewa. Akanivuta pembeni ya banda la vitunguu.

"Mwalimu," alisema, "umenitambulisha kama nani?"

Nikamweleza habari ya kamusi. Nikamweleza asili ya neno, kwamba ni la Kiarabu, kwamba limetumika vizuri tu kwa karne nyingi. Aliniacha nimalize. Kisha akasema kamusi haitasimama mbele ya kile kikao, atasimama yeye.

Alirudi kwa watu akawaambia ukweli kwa Kiswahili chake: hapigi ramli, hasafishi nyota, na zile anazozisoma hazimjui mtu hata mmoja. Mstari wa kwanza ukasikitika, ukatawanyika kwa adabu. Mstari wa pili haukutikisika. Mama mmoja alimwambia hilo la nyota wamelielewa, sasa aangalie simu. Profesa, ambaye maisha yake yote anabishana na kompyuta, aliichukua bila kufikiri, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akaishikilia, na simu iliyokuwa imekufa tangu Pasaka ikawaka. Baada ya hapo hakuna aliyeamini kanusho lake hata la kwanza. Mstari uliotawanyika ukarudi.

Tuliokolewa na mkwe wake Pallangyo, ambaye alitangaza kwamba wageni hawajala, akatuingiza ndani na kutupa loshoro, ule ugali wa mahindi na maziwa ya mgando. Tukiwa tunakula simu ya Profesa ikalia. Alikuwa Mama Nasieku, mwenyekiti wa bodi ya shule ya Oldonyo Sambu. Alikuwa na swali moja. Amesikia anayekuja ni mpiga ramli, habari imeshafika kanisani, mwinjilisti amesimama kupinga, na wenye ndama wanasema kilima hakitolewi kwa mchawi. Je, ni kweli? Profesa akasema si kweli. Mama Nasieku akasema basi aje haraka, kabla watu hawajachoka kumsubiri na kuamua bila yeye.

Loshoro lilibaki bakulini.

Nyuma ya mlima

Upande ule Meru haufanani na mlima tunaouona kutoka mjini. Kijani kinaisha, linabaki vumbi la rangi ya majivu, na barabara ni wazo tu. Tulirushwa mpaka kitenge cha Mama Elia kikafunguka, nikaipakata darubini mapajani kama mtoto mwenye homa.

Nilijaribu kutunga maneno mapya: mtafiti wa makundi ya nyota, mwanasayansi wa anga za mbali. Nilimpa moja moja, naye alitikisa kichwa tu. Nilijisikia vibaya sana. Mtu kasafiri nusu ya dunia na zawadi, nami nimemharibia kwa neno moja la kujionyesha. Nikamwambia nikifika nitasimama niseme kosa ni langu. Akasema hapana, nikisimama nitaeleza tena asili ya neno. Bwana Pallangyo akacheka mpaka gari likayumba, na Profesa naye akacheka, na tukafika tukiwa weupe kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu, jambo ambalo kwa mtu anayetuhumiwa uchawi halikusaidia.

Oldonyo Sambu

Darasa lilikuwa limejaa, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, mwinjilisti mbele na Biblia yake. Mama Nasieku, mwanamke mrefu mwenye shanga shingoni na miwani ya kusomea, alitukaribisha bila tabasamu. Profesa alimsalimia kwa Kimaa, takwenya, naye akaitikia iko, na hiyo ilikuwa salamu yote.

Profesa hakutumia neno langu lolote. Alisema ni binti wa Machame, ni mwalimu, anasoma jinsi makundi ya nyota yanavyozaliwa na kuzeeka. Alikuwa hajafika mbali pale mzee mmoja, Loishiye, aliposimama. Alisema hana ubishi na hayo. Ila punda wake amepotea, na kama mgeni anajua ya juu, hawezi kushindwa ya chini. Punda yuko wapi?

Nilimtazama mwinjilisti. Alikuwa amefungua Biblia mahali fulani na kuweka kidole.

"Baba, sijui punda wako yuko wapi," Profesa akasema. "Sina njia ya kujua."

Na wakati ananyamaza, nje, karibu kabisa na dirisha, punda akalia.

Wote tuligeuka. Alikuwa amesimama kwenye ua wa shule, na kamba imekatikia shingoni, anatafuna kitenge cha Mama Elia tulichokiacha kwenye kioo cha gari. Loishiye akatamka jina lake. Darasa zima likasimama. Akina mama wakapiga vigelegele, mtu akaanza kumshukuru Profesa kwa Kimaa, na nikaona wazi kwamba tukinyamaza dakika moja tu kilima ni chetu. Nikamnong'oneza Profesa tunyamaze.

Hakunyamaza. Alipanda juu ya kiti, vumbi likimdondoka, akasema punda amekuja mwenyewe. Akasema hata asingekuwepo yeye punda angekuja, na mtu akimshukuru kwa punda leo, kesho atamlaumu kwa ng'ombe. Akarudia mpaka kelele zikaisha. Kisha akashuka.

Aliyemjibu ni Loishiye, ambaye alikuwa ameshatoka nje na kumshika punda sikio. Akasema kupitia dirishani kwamba yeye waganga anawafahamu, ameshakutana nao wengi, na hakuna hata mmoja ambaye angekubali kumwachia punda huyu apite hivi hivi. Angalau angedai mbuzi. Watu wakacheka. Mwinjilisti akafunga Biblia, akasema yeye hana swali.

Mama Nasieku alikuwa nalo. Aliuliza kama lile bomba la darubini litawadhuru ndama. Profesa akasema hapana. Akauliza kama ndama watalidhuru bomba. Profesa akamwangalia punda anavyomalizia kitenge, akasema ndiyo, bila shaka. Basi patahitajika kibanda chenye mlango, akasema Mama Nasieku, na watu hawajengi kibanda cha kitu wasichokiona kinafanya nini. Tusubiri giza.

Tukasubiri. Meru alijifunika wingu kama kawaida yake, lakini upande wa kaskazini mbingu ilikuwa safi. Jua lilipokwisha kuzama na nyota kujitokeza, tukapanda kilima. Profesa akaielekeza darubini kaskazini mashariki, akahangaika nayo, kisha akamwita Mama Nasieku awe wa kwanza. Mama Nasieku akavua miwani, akachungulia kwa muda mrefu. Akafuta kioo kwa ncha ya shuka. Akachungulia tena.

"Naona doa," akasema. "Kama la maziwa."

Profesa akasema ndilo hilo. Ni galaksi, kubwa kama hii yetu au kuizidi, na mwanga anaouona uliianza safari kabla hapajakuwa na watu kama sisi duniani. Mama Nasieku akauliza kama ni hilo tu, ndilo alilolisomea miaka yote. Profesa akasema ni hilo tu. Nadhani nilikuwa peke yangu niliyesikia sauti yake inavyopungua.

Mama Nasieku hakutoka kwenye darubini. Mstari ulikuwa mrefu nyuma yake, na Loishiye alikuwa ameshaanza kunung'unika, lakini aliendelea kushikilia. Akauliza kama doa lile limetulia au linakwenda. Nikatafsiri, ingawa hakuna aliyehitaji. Profesa akajibu kwamba linakuja upande wetu, na huenda siku moja mbali sana galaksi hiyo na hii yetu zikakutana na kuwa moja. Wengine wakarudi nyuma hatua. Mama Nasieku akauliza ni lini. Profesa akasema ni mabilioni ya miaka, kama itatokea.

Mama Nasieku akainua kichwa, akavaa miwani yake, akaanza kupima kwa miguu mahali pa kuweka mlango.

"Basi kibanda tutawahi kukimaliza," akasema.